Siku Niliyomtaja Baba Mkwe

Juzi nilipanda basi kutoka Ngara kurudi Biharamulo, nikakaa na dada mmoja mgeni, mtu wa pwani kwa lafudhi yake, aliyekuja huku kikazi. Njia nzima alikuwa akishangaa. Bibi mmoja alipopanda njiani aliwasalimu watu wa basi zima, kuanzia dereva hadi waliokuwa wanasinzia, na basi zima likaitikia. Kondakta akampokea kikapu, akamuuliza habari za nyumbani kabla ya kumuuliza anashuka wapi. Mwanamume wa kiti cha mbele yetu akafungua karanga zake, akageuka, akasema karibuni. Sote tukasema asante na hakuna aliyechukua hata punje, maana karibu ile haikuwa ya karanga. Yule dada akaniambia, "Huku mna adabu jamani! Kwetu haya mambo yameshakwisha."

Nikamwambia asante. Ningemjibu nini mtu aliyenisifia kwa moyo mweupe? Nikageukia dirishani nikawa naangalia malori yanayopanda taratibu kuelekea Rwanda. Adabu zetu nazijua. Nimezaliwa nazo Murukulazo, upande wa Ngara, nikaolewa nazo Nemba, upande wa Biharamulo, na kati ya hizo sehemu mbili nimesafiri mara nyingi kiasi kwamba naweza kujua kwa kutazama tu nani ni mkwe wa nani ndani ya gari. Wanaosifia waendelee kusifia. Mimi zimenila.

Mume wangu ni fundi wa majokofu Mwanza, anakuja nyumbani sikukuu na misibani. Mama mkwe alifariki kabla watoto wangu hawajaanza shule. Kwa hiyo kwa miaka mingi pale kwetu Nemba tulikuwa mimi, watoto, na baba mkwe. Na kwa asiyejua ukwe wetu, nieleze kidogo. Mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina, hata akiwa peke yake shambani. Hapiti mbele yake akiwa ameketi. Hakai naye benchi moja. Hali mbele yake, wala yeye hali mbele ya mkamwana. Chakula chake nilikipeleka chumbani kwake, nikakiweka mezani kikiwa kimefunikwa, nikapiga magoti, shikamoo baba, marahaba, nikatoka kabla hajafunua. Tukikutana kwenye kinjia cha migombani, mmoja wetu alikuwa anaingia kwenye majani. Mara nyingi niliingia mimi, ila nikiwa na ndoo kichwani aliingia yeye, mzee mzima, akasubiri huku amegeukia upande mwingine hadi nipite.

Najua vijana wanacheka haya. Mjini wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana. Mimi sikucheka wala sikulalamika, kwa sababu mzee wangu nilimpenda. Nilipoolewa nilikuwa nimeacha chuo cha ualimu katikati, na mume wangu aliona sasa yamekwisha, mke ni wa kulima na kulea. Baba mkwe ndiye aliyesema hapana. Hakuniambia mimi, asingeweza. Alisimama uani akamwambia mwanawe kwa sauti ambayo alijua naisikia jikoni: huyu binti arudi akamalize. Nikarudi, nikamaliza. Tangu siku niliyopangiwa shule ya karibu na nyumbani aliacha kuniita mama fulani kama wengine, akawa ananiita Mwalimu. Alikuwa analitamka mbele ya wageni kwa kulivuta kidogo, na mimi nikiwa nyuma ya mlango nilikuwa natabasamu peke yangu.

Sasa mzee akaanza kuugua.

Hakuna aliyeniambia. Nilijua kwa birika la chai. Kila asubuhi nilimpelekea chai, na kila asubuhi birika lilirudi tupu, kwa sababu mzee alipenda chai kupita kiasi. Likaanza kurudi limejaa nusu. Kisha likawa linarudi kama lilivyokwenda. Maji ya kunywa nayo vilevile. Halafu nikaona anakwenda sana kule nyuma ya migomba, anakaa muda mrefu, anarudi ameshika kiuno. Mchana mmoja nikiwa napepeta maharage nilimsikia huko akiguna kama mtu anayeinua gogo. Mimi ni mtu mzima, nimezaa, nina kaka. Nikaelewa kwamba haja ndogo inamkataa.

Ningefanyaje? Kumuuliza siwezi. Nilimpigia simu mume wangu, nikamwambia baba anaumwa, mkojo hautoki. Akasema kwa ukali, "Wewe umejuaje?" Hilo ndilo lililomuuma kwanza. Nikamwambia nimejua kwa chai. Akasema atampigia. Alimpigia, nikasikia mazungumzo yao kupitia ukuta, maana mzee huweka simu spika: habari za huko, nzuri, habari za kazi, nzuri, mvua huko imenyesha, imenyesha, haya baba, haya mwanangu. Kisha akanipigia mimi kuniambia mzee anasema ni homa tu.

Zahanati ya huko kwetu alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, akasema homa, akapimwa malaria, hakukutwa nayo, akapewa vidonge vya maumivu. Baada ya hapo tumbo lake la chini likaanza kuonekana chini ya shati, limejaa, mtu mwenyewe mwembamba. Uso ukawa wa udongo. Ndipo akamwambia mwanangu mkubwa, huku mimi nikiwa hatua chache tu kutoka pale, "Mwambie Mwalimu nataka kwenda Rulenge." Hospitali ya Biharamulo ingekuwa karibu zaidi. Lakini yeye alisomeshwa na mapadri Rulenge, huko ndiko alikobatizwa, na kwake dawa ilikuwa huko tu. Mkamwana habishani. Mume wangu akasema hawezi kuacha kazi, mdogo wake yuko Kahama kwenye biashara, niende mimi tu, mbona ni safari fupi.

Tulitoka Nemba kwa bodaboda mbili, yeye yake na mimi yangu, yake mbele. Kila tuta lililokuja nililiona kwanza kwenye mgongo wake. Alikuwa anajikunja, kisha ananyooka haraka kwa sababu alijua niko nyuma namtazama.

Pale stendi ya Biharamulo ndipo tulipofanya jambo ambalo nikimsimulia mtu wa mbali hanielewi. Michomoko ilikuwepo, yale magari madogo yanayobeba abiria wanne kiti cha nyuma na wawili mbele, yanakimbia kweli. La kwanza lilibakiza nafasi mbili nyuma. Dereva akatuita. Mzee akanitazama miguuni, mimi nikatazama chini, na wote wawili tukarudi nyuma hatua. Tungekaaje? Paja kwa paja, bega kwa bega, mkwe na mkamwana? La pili likaja, nalo lilikuwa na nafasi mbili hizo hizo za nyuma. Dereva wa lile la pili alikuwa mtu wa huku, alituelewa hata kabla hatujasema, akasema kwa heshima kabisa, "Poleni mama, basi dogo linakuja, mtakaa vizuri." Akaondoka. Tukasubiri basi chini ya jua, mgonjwa amesimama ameegemea nguzo, kwa sababu benchi lilikuwa moja na nilikuwa nimeshalikalia, na nilipoinuka ili akae yeye alikataa kwa mkono, kaa tu. Basi nikasimama na mimi. Benchi likabaki tupu, mgonjwa kasimama na mzima kasimama. Nikikumbuka benchi lile mpaka leo nasikia hasira mikononi.

Basi lilipofika watu walikuwa wema mno. Kijana akampisha mzee kiti cha mbele karibu na dereva. Mimi nikaenda nyuma kabisa. Mama mmoja akaniuliza, yule ni mzee wako? Nikamwambia ni baba mkwe. "Aaa, ndiyo maana umekuja huku," akasema, akanisogezea nafasi. Mwingine akahamisha mzigo wake ili nikishuka nipitie mlango wa nyuma nisimkatize mzee mbele. Basi zima lilishirikiana kututenganisha, na kila mmoja aliona anatenda wema.

Ndani mle alikuwemo mfanyabiashara wa maharage, mtu wa Nemba, jirani wa mbali kidogo, anayetufahamu. Alimsalimu mzee, shikamoo, marahaba, mzee habari za afya? "Namshukuru Mungu," mzee akajibu. Tangu Biharamulo hadi Lusahunga, kila aliyepanda na kumfahamu alimuuliza afya, naye akawajibu hivyo hivyo, anamshukuru Mungu. Nilihesabu basi zima kwa macho nikitafuta mtu mmoja tu asiye na adabu, mtu wa kusema mzee mbona unatoka jasho hivyo. Hakuwepo.

Tulipopita Nyakahura dereva akasimamisha gari watu wachimbe dawa. Wanaume kushoto kwa barabara, wanawake kulia, kama kawaida. Tukarudi wote. Mzee hakurudi. Dereva akapiga honi mara ya kwanza, kwa upole. Mimi nimesimama mlangoni, macho kule vichakani, siwezi kuvuka barabara kwenda upande wa wanaume, siwezi kuita, maana ningemwita nani? Jina silitaji, na "baba" wangeitika wanaume kumi. Nikamwomba yule mfanyabiashara, tafadhali kaka, niangalizie mzee. Akaenda. Akakaa kidogo, akarudi peke yake akijifuta viatu kwenye majani.

"Anakuja," akasema.

"Yuko salama?"

"Anakuja tu, shemeji."

Na kweli alikuja, baada ya muda, anatembea kama mtu aliyebeba kitu kizito kati ya miguu, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Baadaye sana ndipo mfanyabiashara yule alipomsimulia mtu, na mtu akanisimulia mimi, kwamba alimkuta mzee ameukumbatia mti kwa mikono miwili, paji la uso limegusa gome, analia. Suruali imelowa matone, na hakuna kilichotoka cha maana. Akarudi kimya kimya asije akamwaibisha. Akaja akaniambia anakuja. Nami namuuliza mpaka leo, kimoyomoyo, maana ana kwa ana simuulizi: kaka, ungepungukiwa na nini kuniambia mzee analia?

Tulifika Rulenge mchana. Mfanyabiashara, kwa wema ule ule, aliacha magunia yake stendi, akamshika mzee mkono hadi hospitali. Mimi nyuma yao na kikapu. Pale dirishani dada wa mapokezi akatukaribisha vizuri, akatupa pole na safari, akauliza, "Jina la mgonjwa?"

Nikageuka kumtafuta mfanyabiashara. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi ukutani, ameinama, hasikii la mtu. Mfanyabiashara alikuwa ameenda kumtafutia maji ya kunywa, maji, yule mtu! Dada akadhani nimechoka. "Taratibu mama, hatuna haraka." Nilifungua mdomo. Wallahi sijui nikuelezeje mtu ambaye hajakulia huku. Si kwamba nilikataa, jina lilikuwa halipo mdomoni mwangu, halijawahi kuwepo. Mama mmoja nyuma yangu kwenye foleni akaelewa, akamnong'oneza dada, ni mkwewe huyo, hamtaji. Na dada, mwenyeji naye, akaitikia kwa heshima, akaweka kalamu chini. Tukasubiri mtu wa kulisema. Hospitali ipo, wauguzi wapo, mgonjwa yupo anakufa ukutani, na sisi tunasubiri mwanamume arudi na maji.

Aliporudi akalisema jina. Wakatuingiza kwa tabibu, kijana mpole mwenye miwani. Akamwamkia mzee shikamoo. Akamuuliza, "Mzee wangu, tatizo ni nini?" Mzee akanyanyua kichwa. Akaniona mlangoni. Akamwona na muuguzi wa kike pembeni. "Homa tu, mwanangu," akasema. "Na uchovu wa safari."

Nikatoka nje, nikasema labda ni mimi. Nikasimama ukumbini nikisikiliza. Tabibu akauliza tena, mbona unashika tumbo? Mzee akasema ni la kawaida, la siku nyingi. Tabibu akamwambia muuguzi, mpime malaria na presha. Nikasikia sauti ya mzee ikisema asante, asante sana mwanangu, Mungu akubariki, kama mtu aliyepewa zawadi.

Nikarudi ndani. Nilipita mbele yake, kati yake na meza ya tabibu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu niolewe. Nikamtaja kwa jina, jina lake lote, la kwanza na la baba yake, kama walivyomwita mapadri. Nikasema, "Huyu hana homa. Hajakojoa. Ana siku kadhaa hanywi maji ili asikojoe. Mfunueni shati muone tumbo. Mwekeeni mpira wa mkojo sasa hivi, la sivyo atanifia hapa."

Nilisema kwa Kiswahili cha darasani, kwa sauti ya darasani, mlango wazi, na foleni yote ya nje ikasikia. Mfanyabiashara alikuwa mlangoni na chupa yake ya maji. Mzee alivua kofia, akajifunika nayo uso. Vidole vyake viliing'ang'ania kofia ile.

Tabibu aliinuka haraka, bila adabu yoyote, Mungu ambariki. Wakamlaza, wakamwekea mpira. Muuguzi alitoka baada ya muda akaniambia mfuko ulijaa wakabadilisha, wakajaza mwingine, na mzee amelala usingizi kama mtoto. Tezi dume, alisema, imeziba njia, mngechelewa figo zingekufa. Nilikaa chini kwenye sakafu ya ukumbi na kanga yangu mdomoni, nikalia kwa furaha. Nilidhani nimemwokoa mtu. Nilikuwa nimemwokoa kweli.

Mfanyabiashara alirudi Nemba kabla yetu. Yule yule aliyeficha machozi ya mzee kwa heshima hakuweza kuuficha mdomo wangu. Mume wangu alinipigia simu nikiwa bado namfulia mzee shuka za hospitali. Sikusikia habari za mgonjwa. Nilisikia, "Umemvua baba nguo mbele za watu."

Mpira ulipotolewa mzee aliruhusiwa, akatakiwa arudi kufanyiwa upasuaji baada ya kupata nguvu. Akamjibu daktari, "Ndiyo, daktari. Nashukuru, daktari." Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba ndiyo ile ilikuwa ya adabu, na kwamba hatarudi.

Tulipofika nyumbani kikao kilikuwa kimeshapangwa. Wajomba, shangazi, shemeji yangu kutoka Kahama, ambaye safari ya hospitali hakuipatia nafasi lakini ya kikao aliipata. Mume wangu naye alikuja, na majokofu ya Mwanza yakasubiri. Hakuna aliyenifokea. Hilo ndilo jambo la watu wetu, hawafoki. Shangazi alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za safari, akanipa pole ya kuuguza. Kisha mjomba akasema taratibu kwamba hakuna anayekataa kuwa nilikuwa na nia njema, lakini mkamwana akimtaja baba mkwe na kuzitaja sehemu zake za siri mbele za watu, nyumba imepata doa, na doa husafishwa. Nilitozwa mbuzi na rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, nimpelekee mzee nikimwomba radhi kwa magoti.

Nilipika hiyo rubisi. Nilikanyaga ndizi huku nalia hadi mwanangu akaniuliza nani amekufa. Siku yenyewe nilipiga magoti mbele ya mtu ambaye rangi yake ilikuwa imerudi, mashavu yameanza kujaa, anakunywa chai yake tena. Nikaomba radhi kwa kumtoa kaburini. Akapokea. Akasema yamekwisha, akazungumza maneno mazuri ya kuombea nyumba yetu. Lakini hakuniita Mwalimu. Hakuniita tena hivyo kamwe. Nikawa mama fulani, kama wengine wote, na chakula changu alikirudisha nusu, kwa adabu, kikiwa kimefunikwa vizuri.

Miezi ikapita. Nilimwambia mume wangu, mkumbushe baba upasuaji. Akanitazama kwa mshangao wa kweli: "Nitaanzaje?" Nikamwambia anza na mdomo. Akasema mwanamume hamwongeleshi baba yake mambo ya huko chini. Nikasema basi mwambie mdogo wako. Akasema naye ni mtoto wa yule yule. Mimi nilishafungwa mdomo kwa mbuzi. Kwa hiyo nyumba nzima tukawa tunajua, na nyumba nzima tukawa tunasalimiana.

Mkojo ulipomkataa mara ya pili, mimi nilikuwa Murukulazo kumwangalia mama yangu, aliyekuwa ameteguka mguu. Wakubwa wa ukoo walikuwa wameshasema kwamba mkamwana asimpeleke tena mzee popote. Shemeji yangu akaja na gari lake kutoka Kahama, gari zuri, viti vya ngozi, akamchukua baba yake kumpeleka Rulenge.

Habari za safari hiyo alinisimulia mwenyewe, baadaye, bila mimi kumuuliza, na alizisimulia kwa fahari. Walipofika Biharamulo mjini wakapita kwa shangazi, maana huwezi kupita mlangoni kwa mtu bila kusalimu. Shangazi akachinja kuku. Wakala, yaani shemeji alikula. Mzee alisema ameshiba. Wakaenda. Nyakahura anaishi mtu aliyemsimamia shemeji kipaimara, nako wakaingia, wakakaa, maana mtu kama huyo hapitwi hivi hivi. Wakaaga vizuri. Mzee alikuwa kiti cha nyuma, peke yake, amefunikwa blanketi, hasumbui.

"Maji alikunywa?" nikamuuliza.

"Nilimpa, akasema hana kiu."

"Mlisimama achimbe dawa?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Akasema hakuomba kusimama, na yeye asingeweza kumuuliza.

Kabla hawajaingia barabara ya vumbi ya Rulenge shemeji aliona kimya kimezidi. Akaegesha pembeni, akageuka, akakuta baba yake amemaliza safari yake.

Nilifika Nemba kutoka Murukulazo mwili ukiwa tayari ndani. Nilipita mlango wa nyuma, nikaungana na wanawake jikoni, nikachota maji, nikakoka moto, nikachambua mchele. Sikuruhusiwa kwenda karibu na mwili, na sikuomba. Watu walikuja kutoka Ngara na Biharamulo kote, Wakristo na Waislamu, wakatupa pole kwa zamu, mmoja mmoja, mkono kwa mkono, hakuna aliyetusahau hata watoto. Msiba wenye adabu kama ule sijauona.

Baada ya mazishi mjomba alisimama kushukuru. Alishukuru padri, akashukuru majirani waliochimba kaburi, akashukuru kina mama wa jikoni kwa pamoja. Kisha akamwita shemeji yangu asimame watu wamwone. Akasema, "Kijana wetu huyu tunamshukuru kwa namna ya pekee. Alimsafirisha baba yake kwa heshima. Popote walipopita walisalimu, wakaaga. Mzee ameondoka hakuaibishwa na mtu yeyote njiani." Watu wakaitikia, ndiyo, ndiyo, ni kweli. Nilikuwa nimesimama nyuma ya turubai na sufuria la maji mikononi, nikamtafuta mume wangu kwa macho, nikamwona mstari wa mbele, naye anatikisa kichwa kukubali.

Mimi nilimrudisha mzee huyo huyo akiwa hai, nikatozwa mbuzi.